Chavua
Wengi husema "vumbi la maua". Neno chavua lipo, na kitenzi kuchavusha kimo katika vitabu vya shule. Kwa mgunga wenye gome la manjano, ule wa Ziwa Nakuru, "vumbi" linapotosha kabisa: chavua yake haipeperuki punje mojamoja. Hushikamana, mara nyingi punje 16, zikawa kifurushi kimoja kizito kinachobebwa na nyuki na wadudu wengine. Kinyume chake, chavua ya mti wa podo wa msitu wa Mau ina vifuko viwili vya hewa. Upepo huipeleka mbali. Kwa hiyo wanaosoma historia ya misitu kwa chavua iliyobaki katika matope ya Ziwa Naivasha hujihadhari: mgunga wa ufukweni huacha chavua kidogo, podo wa mbali huacha tele. Walimu, fundisheni chavua, si vumbi.