Dola tisa, kifungo kisicho na mwisho

Mitihani inabisha hodi lakini leo naweka pembeni nadharia za ujifunzaji. Kuna kesi moja ya Marekani ambayo naona inatuhusu sisi walimu watarajiwa kuliko hata wale jamaa zetu wa sheria.

Mei 1968, jimbo la Indiana. Theon Jackson, umri miaka 27, anashtakiwa kwa kuwanyang'anya wanawake wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza mkoba, ukiwa na vitu vyake wote thamani dola 4. Wa pili dola 5. Basi, ndiyo kesi yote hiyo.

Jackson alikuwa kiziwi, hasemi, hajui kusoma wala kuandika, na akili yake ilipimwa ikaonekana kama ya mtoto ambaye hajaanza shule. Sasa utamhukumuje mtu ambaye hata hajui anashtakiwa nini?

Swali hilo ni la zamani. Uingereza, mpaka 1772, mshtakiwa akikataa kujibu shtaka aliweza kulazwa chali akarundikiwa vitu vizito kifuani hadi ajibu au afe (yaani!). Kwa hiyo ilibidi kwanza waulize: huyu kanyamaza kwa ukaidi, au Mungu ndiye kamnyima kauli? Mwaka 1836, katika kesi ya kiziwi mwingine, Pritchard, likakaziwa swali la ziada: je, ana akili ya kutosha kuifuata kesi? Asiye nayo alikuwa na pa kupelekwa. Mwaka 1800, baada ya James Hadfield kumfyatulia risasi Mfalme George III ukumbini Drury Lane, ilitungwa sheria ya kuwaweka watu wa namna hiyo kizuizini hadi mfalme apende. Muda hautajwi. Nasi tulirithi sheria za Mwingereza, ndiyo maana mahakama zetu zimekuwa zikipeleka washtakiwa Isanga, Dodoma, wakapimwe akili.

Turudi Indiana. Mahakama ikaamuru Jackson akabidhiwe idara ya afya ya akili hadi athibitishwe kuwa mzima. Atapona nini lakini? Uziwi? Madaktari wenyewe hawakuwa na matumaini. Na hapa ndipo niliposhika tama: mkalimani kutoka shule ya viziwi aliieleza mahakama kwamba jimbo halina pa kumfundisha mtu wa hali yake hata mawasiliano ya msingi. Kwa hiyo anafungiwa mpaka ajue kitu ambacho hakuna atakayemfundisha.

Wakili wake akasema hicho ni kifungo cha maisha bila hukumu. Juni 7, 1972, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali, majaji 7 kwa 0 (wawili hawakushiriki). Jaji Blackmun aliandika kwamba mtu hawezi kushikiliwa kwa sababu hiyo tu kupita muda wa kuridhisha wa kujua kama ataweza kusimama kizimbani. Kama hataweza, ama wafuate utaratibu wa kawaida wa kulaza wagonjwa, ama wamwachie.

Muda wa kuridhisha ni siku ngapi? Hawakusema. Na mashtaka ya zile dola 9 hawakuyafuta, waliwarudishia watu wa Indiana waamue wenyewe.

Nyie mnaosoma elimu maalumu, mtu mzima wa miaka 27 asiyesema, asiyejua kusoma wala kuandika ungeanzia naye wapi? Nipeni jibu.