Tembo, simba na kicheko cha Muafangejo

Leo tuachane na habari za vibali na nauli, tuongelee picha.

Kuna mchoro wa John Muafangejo wa miaka ya 1970 ambao jina lake, kwa Kiswahili chetu, ni "Tembo anamuua simba kwa namna ya kuchekesha". Mashabiki wa Msimbazi mnisamehe! Mauaji, halafu ya kuchekesha?

Muafangejo alizaliwa 1943 kusini mwa Angola, akakulia Namibia enzi ikitawaliwa na Makaburu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alisoma Rorke's Drift, Natal, kwenye kituo cha sanaa cha Walutheri. Wakati huo milango ya kusomea sanaa kwa mtu mweusi huku Bondeni ilikuwa ya kuhesabu.

Alichonga kwenye lino, lile zulia gumu la sakafuni. Unachonga, unapaka wino, unagandamiza karatasi. Nakala hutoka nyingi, kwa bei nafuu. Ila kila kitu hutoka kinyume, kwa hiyo hata maneno (naye aliyapenda sana ndani ya picha) huchongwa kinyumenyume.

Wajapani walifanya hivyo kwa mbao. Mwaka 1842 serikali yao ilipiga marufuku picha za waigizaji maarufu. Utagawa Kuniyoshi akachora paka na samaki wenye sura za waigizaji hao! Wanunuzi wakaelewa, wakacheka. Sasa utamshitaki paka?

Ni yale yale ya sungura na fisi wa bibi zetu. Mkubwa hatajwi jina, lakini kila mtoto anamjua.

Sisemi simba wa Muafangejo ni serikali. Maaskofu na vita alivichonga waziwazi. Ninachosema ni kwamba, chini ya utawala unaotaka uogopwe, kumwonyesha mfalme wa porini akifa kichekesho si jambo dogo. Woga ukigeuka kicheko, mtawala ameshapoteza kitu.

Muafangejo alifariki Windhoek 1987. Namibia ikapata uhuru 1990, hakuuona.

Hapa Jozi, mwaka 1991 Kim Berman na Nhlanhla Xaba walianzisha Artist Proof Studio kufundisha vijana kuchapa picha. Moto wa 2003 uliiteketeza karakana yao Newtown na kumuua Xaba. Kazi ikaanza upya, mafunzo yakaendelea.

Ukipita Jozi na kukuta picha ya mnyama ukutani, usiishie kusema "mzuri". Jiulize anamcheka nani.