Barabara Iliyonyoka ya Napoli



Mtu akifika kwa gari-moshi katika mji wa Napoli, kusini mwa Italia, hutoka stesheni na kukuta uwanja mkubwa. Kutoka uwanja ule huanza barabara pana, iliyonyoka kama kamba iliyovutwa, yenye majumba marefu ya mawe kuume na kushoto. Jina lake ni Corso Umberto I, lakini wenyeji huiita Rettifilo, maana yake mstari ulionyoka. Barabara hii haikuwako tangu zamani. Ilipasuliwa katikati ya mitaa ya maskini, baada ya ugonjwa mkubwa kuua maelfu ya watu. Tunapenda kuwasimulia habari zake, kwa kuwa kila mji unaokua, hata na miji yetu, hukutana na swali moja: tukifungua njia mpya katika mtaa uliosahauliwa, tunaifungua kwa ajili ya nani?

Mitaa ya chini

Napoli ulikuwa mji mkuu wa ufalme kwa miaka mingi, mpaka Italia ilipounganishwa mwaka wa 1861. Hata baada ya hapo ulibaki mji wenye watu wengi kupita miji yote ya Italia, karibu 500.000. Wenye mali walikaa penye hewa nzuri. Maskini walijazana chini, karibu na bandari, katika mitaa minne: Porto, Pendino, Mercato na Vicaria.

Huko vichochoro vilikuwa vyembamba, na nyumba zilipanda orofa juu ya orofa hata jua halikufika chini. Watu wengi walikaa katika vyumba vinavyoitwa bassi. Basso ni chumba kimoja usawa wa njia, na mlango wake ndio dirisha lake. Humo jamaa nzima walilala, wakapika na kufanya kazi, na pengine kuku walikuwa pamoja nao. Wengine walikaa katika fondaci, yaani nyua zilizofungwa pande zote, zenye vyumba vingi na hewa mbaya.

Jambo baya kuliko yote lilikuwa maji. Watu walichota katika visima na matangi yaliyochimbwa chini ya nyumba. Maji yalifika humo kwa mifereji ya kale, na uchafu wa vyoo ulipenya na kuchanganyika nayo. Aliyechota asubuhi hakuweza kujua alichokibeba nyumbani.

Mwaka wa kolera

Kolera, ndiyo kipindupindu, ilikuwa imekwisha kuingia Napoli mara kadhaa tangu mwaka wa 1836. Mwaka wa 1884 ilitoka Ufaransa, ikaingia Italia, na mwezi wa Septemba ikawaka Napoli kama moto katika nyasi kavu. Katika muda mfupi watu karibu 7.000 walikufa mjini, na wengi wao walikuwa wa ile mitaa minne ya chini.

Watu walishikwa na hofu. Wengi walisadiki kwamba waganga wa serikali wanawapa sumu, wakaficha wagonjwa wao. Tusiwacheke. Mtu asiyetembelewa na serikali ila siku ya kodi na siku ya kifo, atamwaminije mjumbe wake? Waliowatuliza walikuwa wale waliokuja bila woga, wakaingia mpaka ndani. Kardinali Guglielmo Sanfelice, Askofu mkuu wa Napoli, alikwenda kwa wagonjwa yeye mwenyewe. Watu wa kujitolea walibeba dawa, chakula na mablanketi. Mfalme Umberto naye alifika mjini, akatembelea hospitali.

Tangu siku zile watu wa Italia waliona haya. Waziri mkuu Agostino Depretis alisema kwamba lazima kuupasua mji wa Napoli, kama mganga anavyopasua tumbo la mgonjwa. Neno hilo likaenea kote. Mwandishi mmoja mwanamke, Matilde Serao, alilijibu mwaka ule ule kwa kitabu kinachoitwa Il ventre di Napoli, yaani tumbo la Napoli. Yeye aliwajua watu wa vichochoro, aliwaona wakila na kufanya kazi. Alieleza kwamba kuvunja nyumba hakutoshi, ni lazima kujenga upya karibu mji mzima, pamoja na maisha ya watu.

Kuupasua mji

Tarehe 15 Januari 1885 sheria ilitolewa, na lira milioni 100 ziliwekwa kwa kazi hiyo. Mhandisi wa mji, Adolfo Giambarba, alichora ramani. Kazi kubwa ya ramani ile ilikuwa barabara moja iliyonyoka, kutoka upande wa stesheni mpaka katikati ya mji, na njia nyingine za kuikata.

Kwa nini barabara? Mganga Robert Koch alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kolera huletwa na mdudu mdogo sana. Lakini wakubwa wengi waliendelea kufuata mafundisho ya Max von Pettenkofer, mtaalamu wa Ujerumani, aliyedhani kwamba ugonjwa hupata nguvu katika udongo wenye unyevu na uchafu, kisha hupanda hewani. Basi waliona dawa ni kuinua ardhi kwa vifusi, na kufungua njia pana ili upepo upite na kufukuza hewa mbaya. Barabara ile ilitakiwa iwe kama pafu la mji.

Kazi ilitolewa kwa kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1888, na mfalme mwenyewe aliweka jiwe la kwanza mwaka wa 1889. Kisha watu walisikia sauti ya nyundo kila siku. Nyumba ziliangushwa, na makanisa mengine pia. Kikanisa cha Mtakatifu Aspreno, anayehesabiwa kuwa askofu wa kwanza wa Napoli, kiliachwa, lakini kilizungukwa na kumezwa na jumba jipya la wafanya biashara. Mwaka wa 1893 mabenki makubwa ya Italia yalianguka, fedha zikawa haba, na sehemu nyingi za ramani zilicheleweshwa. Lakini barabara yenyewe ilifunguliwa mwaka wa 1894.

Nyuma ya majumba

Ilikuwa nzuri, hatuwezi kukana. Magari yalipita bila shida, upepo wa bahari uliingia, mifereji mipya ya maji machafu ilichimbwa. Maduka yalifunguliwa, na hata chuo kikuu kilipata jumba jipya lenye uso wake kwenye barabara ile.

Lakini watu waliobomolewa nyumba zao walikwenda wapi? Nyumba mpya zilijengwa, nyingine kando ya barabara, nyingine mbali kidogo upande wa stesheni. Kodi yake ilizidi sana nguvu za mchukuzi wa mizigo, mvuvi au mwanamke mfua nguo. Wakaingia makarani na wafanya biashara. Maskini hawakuweza kwenda mbali, kwa sababu kazi yao ilikuwa pale pale bandarini na sokoni. Basi walihamia hatua chache tu, katika bassi zilizobaki, kwa ndugu na jirani. Chumba kilichokuwa na watu sita kikapata wanane. Barabara iliyojengwa ili kupunguza msongamano iliuongeza nyuma ya migongo ya majumba.

Mwaka wa 1906 Matilde Serao alitoa kitabu chake tena, na aliongeza sehemu mpya aliyoiita Paravento, yaani pazia la kusimamisha. Alitembea Rettifilo, akaingia katika njia za pembeni, akakuta giza lile lile na uchafu ule ule, hatua chache kutoka kwenye maduka yenye taa. Wahenga wetu husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kilichoponya na kilichoficha

Jambo moja zaidi tusilisahau. Mwezi wa Mei 1885, kabla jiwe la barabara halijawekwa, mji ulifungua mfereji mpya wa kuleta maji safi kutoka milima ya Serino. Kazi hii haikuwa na majumba ya kutazamwa. Mabomba yamefukiwa chini, wala mgeni ashukaye stesheni hayaoni. Lakini kwa mama wa kichochoroni, bomba la maji safi lilikuwa na faida kuliko barabara yo yote. Kolera iliporudi Italia mwaka wa 1893, haikuua Napoli kama mwaka wa 1884.

Hata hivyo kazi haikutimizwa. Kolera ilirudi tena Napoli katika miaka ya 1910 na 1911. Mwaka wa 1911 Italia ilikuwa ikisherehekea miaka 50 ya umoja wake, na wageni wengi walitazamiwa. Serikali ya Giovanni Giolitti haikutaka aibu. Habari za ugonjwa zilifichwa, na wafu wengi waliandikwa kwamba wamekufa kwa magonjwa mengine. Waliokwisha kufichwa nyuma ya majumba sasa walifichwa hata katika daftari za kifo.

Sisi hatusemi kwamba barabara ni kitu kibaya. Mtaa usio na njia haupati gari la wagonjwa, wala soko, wala mwalimu. Mji wa Napoli ulihitaji kufunguliwa. Kosa lilikuwa kuanza na kile kinachoonekana na kuishia hapo. Wakubwa walihesabu nyumba za kuvunja, wasihesabu vitanda vya wanaotoka. Walijua upana wa njia, wasijue mshahara wa mchukuzi wala kodi anayoweza kulipa.

Kwa hiyo siku watakapokuja wapima ardhi na vigingi katika mtaa wetu, tusikatae, wala tusipige makofi upesi. Tuwaulize: Anayevunjiwa nyumba leo, atalala wapi kesho, na kwa kodi gani? Maji safi yatapita wapi, na yatafika mpaka nyumba ya mwisho? Na siku ya kufungua barabara, wakubwa wakiisha kukata utepe, tuwaombe wageuke pembeni na kutembea pamoja nasi hatua hamsini nyuma ya nyumba mpya.