Betri za droni na ndege za rimoti: Namna ya kuzichaji bila kuhatarisha nyumba

Mavuno yakishaingia ghalani, harusi huanza Ufipa, na siku hizi si ajabu kuona droni ikizunguka juu ya msafara wa maharusi mjini Sumbawanga. Wapo pia wapima ardhi wanaozitumia mashambani, na vijana wanaounda ndege na magari ya rimoti kwa mikono yao. Wote hawa hutegemea betri nyepesi yenye nguvu nyingi, ambayo kwenye lebo yake huandikwa LiPo, yaani lithiamu polima. Betri za aina hii ndizo zilizorusha droni ndogo zilizopiga picha za ramani ya Unguja na Pemba kuanzia mwaka 2016.

Ni betri nzuri, lakini ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka moto ndani ya sekunde chache. Katika makala haya tunaeleza sababu za hatari hiyo na namna ya kuiepuka.

Inatofautiana vipi na betri ya simu?

Ndani ya simu mna saketi ndogo ya ulinzi ambayo hukata umeme betri ikijaa. Droni nyingi za dukani nazo zina betri zenye ulinzi wa namna hiyo. Betri za kawaida za ndege na magari ya rimoti hazina. Zikiletewa umeme kupita kiasi, zitaupokea tu. Mlinzi pekee ni chaja, na nyuma ya chaja ni wewe.

Seli moja ya betri hii hujaa ikifika volti 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya volti 3. Betri yenye seli tatu, inayoandikwa 3S, hutajwa kuwa ya volti 11.1, nayo hujaa kwenye volti 12.6. Seli ikipita kiwango chake, kemikali zilizomo huanza kuchanganuka, gesi hujaa na betri huvimba. Joto likizidi, seli hujichochea yenyewe: joto huzaa joto zaidi, mpaka miali inatoka.

Kosa la kuunganisha moja kwa moja

Mahali umeme unapokatikakatika, au kijijini kwenye sola, mtu huona volti 11.1 kwenye lebo na kudhani betri hiyo ni ndugu wa betri ya pikipiki. Basi huiunganisha na paneli au na chaja ya betri za gari. Hapo ndipo nyumba huweza kuungua. Chaja ya betri ya gari hupanda hadi kama volti 14.4. Ukigawanya kwa seli tatu, kila seli inapata volti 4.8, wakati mwisho wake ni 4.2.

Sola inafaa, ila kwa utaratibu huu: paneli ichaji betri kubwa ya volti 12, nayo betri hiyo iendeshe chaja maalumu ya LiPo. Chaja nyingi za aina hiyo zina waya wa kupokea umeme wa volti 12.

Hatua za kuchaji

Kwanza, kagua betri. Iliyovimba, iliyotoboka, iliyobonyea baada ya kuanguka, au yenye harufu tamu kama ya rangi ya kucha, isichajiwe tena.

Pili, tumia chaja inayosawazisha seli. Betri huwa na nyaya mbili nene na plagi ndogo nyeupe yenye nyaya nyembamba. Chomeka zote. Kupitia plagi hiyo ndogo, chaja husoma kila seli peke yake. Bila hiyo, jumla inaweza kuonekana sawa huku seli moja ikiwa imezidishiwa.

Tatu, chagua aina ya betri na idadi ya seli kwenye chaja, kisha weka ampea. Kanuni salama ni kugawa mAh kwa 1,000. Betri ya mAh 2,200 huchajiwa kwa ampea 2.2, na huchukua kama saa moja au zaidi kidogo.

Nne, chagua mahali. Weka betri juu ya sakafu ya saruji, katikati ya matofali ya kuchoma, mbali na godoro, pazia, mafuta ya taa na watoto. Kwenye nyumba ya nyasi, chajia nje, kivulini. Usiifungie ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kwani gesi ikikosa pa kutokea hulipuka.

Tano, kaa nayo. Usichaji ukiwa umelala wala ukiwa umekwenda sokoni. Umeme ukikatika, chomoa betri. Ukirudi, subiri utulie, halafu hakiki upya kila ulichochagua kabla ya kuendelea.

Baridi ya Ufipa na joto la bondeni

Sumbawanga iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Betri ikichajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujikusanya ndani kama chuma na kuharibu seli kabisa. Hata kabla ya kufika huko, ni vyema betri iliyolala kwenye baridi ipate kwanza joto la chumba. Usiipashe moto jikoni.

Hewa ya huku juu pia ni nyepesi, pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani. Panga huzunguka kwa kasi zaidi, na chaji huisha mapema kuliko ulivyozoea. Ukishuka bonde la Ziwa Rukwa, tatizo huwa joto: betri iliyotoka kuruka iachwe ipoe ndipo uichaji, na isiachwe ndani ya gari juani.

Kuhifadhi na kutupa

Betri isiyotumika kwa siku kadhaa iachwe nusu, kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Iliyoharibika imalizwe chaji polepole nje ya nyumba, kwa kuiunganisha na balbu ya gari inayolingana na volti zake, ikiwa ndani ya ndoo ya mchanga. Kisha ziba ncha zake kwa gundi ya umeme. Usiitoboe, wala usiitupe kwenye shimo la taka zinazochomwa.

Ikiwaka moto

Zima umeme kama unafikia swichi bila hatari. Toa watu nje, kwani moshi wake ni sumu. Mchanga hauzimi kilichomo ndani ya seli, lakini huzuia miali isisambae. Maji mengi hupoza, ila baada ya umeme kukatwa. Moto ukikuzidi, acha mali na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Betri mpya hununuliwa tena. Saa moja ya kukaa kando ya chaja ni gharama ndogo kuliko nyumba.