Boma, Kijiji na Mji: Habari za Usalama katika Nchi ya Ndalambo

Mtu akiulizwa ni wapi penye amani zaidi, shamba au mjini, aghalabu hujibu upesi kuwa ni shamba. Mji, asema, una wanyang'anyi na wauaji. Kijiji kina majirani. Jawabu hili si la uwongo, lakini historia yaonyesha kuwa halikuwa kweli siku zote, wala leo si kweli kwa kila mtu. Nchi ya Ndalambo, iliyo katika Wilaya ya Momba karibu na mpaka wa Zambia, yatufaa kwa mfano.

Katika karne ya 19, uwanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulisumbuliwa na mashambulio ya Wabemba na Wangoni, na pia na biashara ya watumwa. Kukaa peke yako shambani kulikuwa ni kujitoa kwa mtekaji. Kwa hiyo Wanyamwanga na jirani zao walikusanyika ndani ya maboma ya miti, nyumba zikibanana. Siku hizo msongamano ndio ulioleta usalama, na upweke wa shamba ndio uliokuwa hatari. Kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, mpaka ulipita katikati ya Wanyamwanga. Na utekaji ulipokoma, watu walitoka mabomani wakatawanyika. Basi utulivu wa shamba tunaousifu si tabia ya udongo. Ulikuja kwa wakati wake na kwa sababu zake.

Tunduma, mji wa mpakani, ulikua kwa njia nyingine. Barabara ya kwenda Zambia, pamoja na reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, viliufanya mlango wa mizigo na wageni. Katika miji ya namna hii mtu hulala jirani na asiyemjua jina. Mhalifu hujificha katika wingi wa watu, na ukelele wa "Mwizi!" ukipigwa, umati waweza kumwua kwa mawe na moto mtu ambaye hakuna aliyemwuliza atokako.

Kijijini mgeni huonekana kabla hajabisha hodi, na yowe huitikiwa. Nguvu ya jambo hili ilidhihirika Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ujambazi na wizi wa ng'ombe ulizidi; wanavijiji wakaunda Sungusungu, wakajilinda kwa pinde na mishale, na mfano wao ukaenea sehemu nyingine za nchi.

Lakini macho yale yale yanayomfichua mgeni humwandama mwenyeji pia. Uchunguzi wa serikali ulihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya mauaji ilikuwa huko huko Usukuma, nchi ya vijiji. Aliyeanza kutaja jina aghalabu alikuwa jamaa au jirani. Kikulacho ki nguoni mwako. Hata Sungusungu waliwahi kuwaandama watu kwa tuhuma hizo hizo.

Kwa hiyo, anayelinganisha shamba na mji hana budi kuuliza: usalama wa nani, na dhidi ya nani? Mfanyabiashara mwenye fedha mfukoni ana haki ya kuogopa usiku wa mjini. Lakini ajuza aliyekwisha kunyoshewa kidole kijijini hana kichochoro cha kujificha. Pengine mji ule ule, ambako hakuna amjuaye, ndio utakaomwokoa. Boma la kale lilimzuia mtekaji aliyekuwa nje. Halikumlinda mtu na jirani aliyelala naye ndani, na kazi hiyo bado yatungoja, mashamba na miji.