Hodi ya Serikali

Kwetu mtu akifika nyumbani kwa mwenzake hupiga hodi, kisha hungoja. Asipoitikiwa hupiga tena, na baada ya mara ya tatu huenda zake. Anayesema hodi huku ameshakaa kitini hakupiga hodi. Ametoa taarifa tu kwamba amefika. Desturi hii hunijia kichwani kila ninaposoma tangazo la ofisi ya umma linalowaalika wananchi kutoa maoni juu ya kanuni fulani. Hujiuliza: huyu anapiga hodi, au ameshakaa kitini?

Katika somo la uraia tuliwafundisha watoto kwamba Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza na Mahakama huzitafsiri. Ni kweli, lakini haitoshi. Aghalabu Bunge hupitisha sheria yenye maneno ya jumla, kisha humwachia waziri, idara au halmashauri kutunga kanuni za kuitekeleza. Ukubwa wa tundu la wavu wa mvuvi, masharti ya leseni ya duka, ushuru wa gunia la mahindi: mambo haya yanayomgusa mtu kila siku yamo katika kanuni na sheria ndogo. Mara nyingi mtunzi wake ni mtumishi wa ofisini ambaye hatukumchagua na hata jina lake hatulijui. Je, mtu anayetungiwa kanuni ana njia gani ya kusema neno lake kabla haijapata nguvu?

Nchi moja ambayo historia yake inalionyesha jambo hili waziwazi ni Marekani, na huko lilianza kwa aibu. Mwaka 1933, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilitoa maagizo chungu nzima ya kurekebisha biashara. Mojawapo lilihusu kiasi cha mafuta ambacho wenye visima waliruhusiwa kuchimba, na huko Texas watu walishitakiwa kwa kuzidisha. Kesi ikiwa njiani kuelekea Mahakama ya Juu, mawakili wa serikali waligundua kwamba kifungu walichowashitakia watu hakikuwepo. Kilikuwa kimefutwa kwa bahati mbaya mnamo Septemba 1933, agizo lilipofanyiwa marekebisho. Kwa muda wa mwaka hivi serikali ilikuwa ikisimamia kanuni isiyokuwepo, na washitakiwa wakijitetea dhidi ya kanuni hiyohiyo. Hakuna aliyejua, kwa maana hapakuwa na mahali pamoja palipochapishwa maagizo yote. Jaji Louis Brandeis aliwahoji mawakili wa serikali mbele ya mahakama: mtu wa kawaida atayajuaje maagizo kama haya?

Januari 1935 mahakama ilikibatilisha kifungu cha sheria kilichompa Rais madaraka hayo, kwa hoja kwamba Bunge halikumwekea mipaka. Lakini fundisho kubwa lilikuwa katika ile aibu. Julai mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuanzisha gazeti rasmi la serikali, Federal Register, na toleo la kwanza likatoka tarehe 14 Machi 1936 likiwa na kurasa 16. Tangazo lake la kwanza lilikuwa agizo la Rais la kupanua hifadhi ya ndege wahamao huko South Carolina. Ndege hawakujua, lakini walau binadamu walianza kupata mahali pa kusoma walichoamriwa.

Hata hivyo, kutangaza peke yake si kuuliza. Hatua ya pili ilichukua miaka kumi zaidi. Tarehe 11 Juni 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria ya taratibu za utawala. Kwa kanuni nyingi, sheria hiyo iliziwekea idara masharti matatu. Kwanza, idara itangaze kanuni inayokusudia kuitunga. Pili, iwape wanaohusika nafasi ya kupeleka maelezo, maoni na hoja zao kwa maandishi. Tatu, baada ya kuyapima yaliyoletwa, iitoe kanuni pamoja na maelezo mafupi ya msingi na madhumuni yake. Kisha zipite siku zisizopungua 30 kabla kanuni haijaanza kutumika. Yapo mambo yaliyoachwa nje, kama vile ya jeshi na ya nchi za nje, na upo mwanya wa dharura ambao idara hupenda kuutumia. Lakini mimi naliona sharti la tatu kuwa ndilo moyo wa sheria yote. Kuuliza ni rahisi. Kazi ipo katika kueleza kwa maandishi kwa nini umeamua ulivyoamua baada ya kusikia uliyoyasikia.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1946 Uingereza ilikwenda upande mwingine. Tangu 1893 ilikuwa na sheria iliyotaka kanuni za aina fulani zitangazwe siku 40 kabla, ili vyombo vya umma vinavyohusika viweze kuleta maoni. Sheria mpya ya 1946 ikaifuta ile ya zamani, na sharti hilo la jumla likaenda nalo.

Nalitaja jambo hili kwa sababu Uingereza ndiyo iliyokuwa ikitutawala, na katika miaka hiyohiyo Tanganyika ilikuwa na kisa chake. Wakoloni wa Upare walikuwa wameleta kodi mpya iliyoitwa mbiru, ambayo ilitaka mali ya kila mtu ikadiriwe ili alipe kulingana nayo. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya pale Same, wakapiga kambi wakitaka kodi hiyo iondolewe. Watu hawa hawakukataa kulipa kodi. Ile ya kiwango kimoja walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni kuja mtu kuwapimia mali yao kwa namna ambayo wao hawakuiafiki. Mgogoro uliendelea kwa muda mrefu hadi serikali ikaiacha mbiru. Profesa Isaria Kimambo alikiandikia kisa hiki kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1971, nami nilikuwa nikiwasimulia wanachuo wangu kila mwaka. Niliwaambia wafikirie gharama: barua chache za maoni kabla ya kodi kuwekwa, au maelfu ya watu waliolala nje na mashamba yao yakiwangoja.

Wapo watakaosema kwamba maoni ya watu wa kawaida hayabadilishi kitu. Hapana, wakati mwingine hubadilisha sana. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vyakula vya kilimo hai, yaani kilimo kisichotegemea madawa na mbolea za viwandani. Wizara ya Kilimo ikatakiwa kutunga kanuni za kueleza chakula kipi kistahili jina hilo. Rasimu ilitoka Desemba 1997. Wasomaji waliona kwamba imeacha mlango wazi kwa mambo matatu: mazao yaliyobadilishwa vinasaba, chakula kilichopigwa mionzi, na kurutubisha mashamba kwa tope la maji machafu ya mijini. Wakulima na walaji waliandika. Wizara ilipokea maoni zaidi ya 275,000, wingi ambao haikuuzoea. Ikairudia kazi yake, ikatoa rasimu ya pili mwaka 2000, na kanuni zilipokamilika Desemba mwaka huo mambo yote matatu yalikuwa yamekatazwa. Mkulima wa mboga aliyeandika karatasi moja tu alikuwa amesaidia kuandika sheria ya nchi yake.

Mlango uliofunguliwa kwa wema huweza pia kupitiwa na wajanja. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikaribisha maoni juu ya kanuni za kampuni za intaneti, ikapokea milioni 22 hivi. Uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba karibu milioni 18 yalikuwa ya kughushi. Milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyogharamiwa na wenye biashara hiyo, wakitumia majina ya watu ambao hawakuwa na habari. Mengine zaidi ya milioni 7 yaliletwa na kijana mmoja wa chuo mwenye umri wa miaka 19, kwa programu ya kompyuta iliyobuni majina.

Mtu akisikia hayo anaweza kusema utaratibu mzima ni bure. Mimi naona ulaghai huu umefichua kosa la kufikiri tu. Waliojaza majina ya uongo walidhani maoni ni kura, kwamba mwenye rundo kubwa ndiye mshindi. Sheria ya 1946 haikusema hivyo. Ilidai hoja zipimwe. Hoja moja nzuri ya mvuvi anayejua samaki huzaa mwezi gani ina uzito kuliko karatasi milioni zenye sentensi ileile.

Sisi Watanzania tulilikuta swali hili nyumbani. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikusanye maoni ya wananchi: tuendelee na chama kimoja, au tuwe na vyama vingi? Nakumbuka ubishi wa siku zile katika chumba cha walimu, chai ikipoa mezani. Matokeo yalipotolewa, takriban watu wanane katika kila kumi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Wapo wenzangu walioona kwamba wengi wamedharauliwa. Sikukubaliana nao, na leo pia sikubali. Tume ilisoma kilichosemwa pamoja na kuhesabu waliosema. Iliona kwamba wengi kati ya waliokitaka chama kimoja walitaka vilevile mambo mengi yarekebishwe, na kwamba wachache wale wawili katika kumi ni watu wengi mno kunyimwa nafasi. Kisha ikaandika sababu zake, zikasomwa na kila aliyetaka. Unaweza kuzipinga, lakini unajua unapinga nini. Ninalolilaumu ni jingine. Tume ileile ilitaja sheria 40 zinazostahili kufutwa au kurekebishwa, na nyingi zikabaki miaka na miaka bila wananchi kuelezwa waziwazi kwa nini. Hapo tuliulizwa, tukajibu, kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kinachonisumbua hata katika mambo madogo ya kijijini. Sheria yetu ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982 inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio la kutunga sheria ndogo na kupokea maoni yao. Baada ya kustaafu niliishi katika wilaya moja ambako tangazo la ushuru mpya wa mazao lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kijijini kwetu. Lilibandikwa msimu wa kulima, kwa lugha ya kisheria iliyonilazimu hata mimi kuisoma mara mbili. Majirani waliniomba niwaandikie. Tulikaa jioni mbili chini ya mwembe, kila mtu akisema lake. Mama mmoja alieleza kwamba gunia lake hutozwa likitoka kijijini na hutozwa tena likifika sokoni. Kijana wa baiskeli akaeleza hasara ya kusimamishwa njiani wakati nyanya zinaoza. Hoja tuliziandika saba, tukatia saini, tukapeleka kabla ya siku ya mwisho. Hatukujibiwa. Ushuru ulianza kama ulivyotangazwa, bila kupungua wala kuongezeka senti.

Sisemi kwamba tulistahili kushinda. Pengine halmashauri ilikuwa na sababu nzuri. Zahanati haijengwi kwa maneno. Lakini yule mama hakuambiwa sababu hiyo, na siku tangazo jingine lilipobandikwa aliniambia, "Mwalimu, safari hii mimi nakwenda shambani." Sikuwa na neno la kumrudisha. Ofisi ile ilikwisha kupata senti za gunia lake. Ilichopoteza ni ujuzi wake, ambao hakuna mtaalamu angeweza kuwauzia.

Jirani zetu wa Kenya wameuandika ushirikishwaji wa wananchi katika Katiba yao ya 2010, na sheria yao ya kanuni ya mwaka 2013 inamtaka mtunga kanuni ashauriane na watakaoguswa nazo. Hilo ni jema. Lakini ninyi mlio kazini, sharti la tatu linaweza kutimizwa leo bila kungoja sheria mpya. Bandikeni tangazo mahali watu wanapopita, kwa Kiswahili cha sokoni, wakati ambao jembe limepumzika. Mkiisha kuamua, bandikeni karatasi ya pili pale pale: mmetuambia haya, haya tumeyakubali, haya tumeyakataa kwa sababu hizi. Ukurasa mmoja unatosha. Nasi wa kijijini tuwe tayari kuusoma, na kuandika tena.