Koo la Jenerali

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika maneno 800 kuhusu jinsi ya kutuliza kinywa na koo baada ya kuvuta biri. Biri, kwa aliyekulia mtaa kama wetu, ni ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, unayoiona zaidi kwenye filamu, mdomoni mwa tajiri anayehesabu pesa za wenyewe. Mteja alikuwa ng'ambo, alilipa kwa dola, na alitaka orodha. Kunywa maji mara kwa mara. Sukutua kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Usivute kwa pupa. Usiumeze moshi. Pumzisha koo siku mbili tatu. Niliandika usiku mmoja, sigara yangu ya kununua moja moja ikifuka kwenye kifuniko cha chupa. Nikatuma, nikalipwa, nikakohoa, nikalala.

Nilipokuwa nikitafuta mfano wa kupamba orodha ile ndipo nilipokutana na Ulysses S. Grant, jenerali wa Marekani aliyekuja kuwa rais kuanzia 1869 hadi 1877. Kwa kazi ya mteja hakufaa hata kidogo. Mtu anayetafuta namna ya kuendelea na biri yake bila kukereketwa hataki kusimuliwa habari za marehemu. Lakini mimi sijaweza kumwacha, na sababu nitaieleza.

Grant hakuanza kama mvutaji mkubwa. Februari 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa ameizingira ngome ya Donelson, kando ya Mto Cumberland huko Tennessee. Tarehe 15 alienda kumwona kamanda wa meli za kivita, Andrew Foote, aliyekuwa amejeruhiwa, naye Foote akampa biri. Grant alipokuwa njiani kurudi, akapata habari kwamba adui ametoka ngomeni na kuwavamia wanajeshi wake. Akaingia vitani na kipande cha biri bado mkononi. Kesho yake ngome ikasalimu amri bila masharti. Magazeti yakamwandika: jenerali na biri yake, mtu asiyetikisika.

Watu wa Kaskazini, waliokuwa na kiu ya ushindi, wakaanza kumtumia zawadi. Wakatuma biri, sanduku baada ya sanduku. Kwa masimulizi yake mwenyewe kwa mwenzake Horace Porter, zilimfikia kama 10,000. Alizigawa alivyoweza, ila zilizobaki zilikuwa nyingi, na kwa kuwa zilikuwa pale, akavuta kuliko ambavyo angevuta. Hivyo ndivyo tabia ilivyoshika mizizi. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila sanduku lilitoka kwa mtu aliyetaka kusema asante.

Kuna jambo ambalo orodha yangu ililigusa bila kulieleza. Wavutaji wa biri hujitetea kwamba wao hawaumezi moshi, kwa hivyo hawana neno. Ni kweli wengi hawaumezi, na sababu yenyewe ndiyo inayopaswa kuwatisha. Tumbaku ya biri huchachushwa kwa muda mrefu, na moshi wake huwa na asili ya magadi kuliko moshi wa sigara ya kawaida. Moshi wa namna hiyo huachia nikotini ipenye moja kwa moja kwenye ngozi laini ya ndani ya kinywa, bila haja ya kufika mapafuni. Mvutaji hutosheka na moshi ukiwa bado mdomoni. Basi ulimi, kaakaa na koo ndivyo vinavyobeba mzigo wote, saa nzima kwa biri moja, na saratani za kinywa na koo zinawajua vizuri wavutaji hawa. Lile koo linalowasha ni mahali penyewe panapoungua.

Sasa twende kwenye mwaka 1884. Grant ana miaka 62, anaishi New York, na mapema mwezi wa Mei anafilisika. Alikuwa ameweka fedha zake zote katika kampuni ya mwanawe na kijana mmoja mjanja aitwaye Ferdinand Ward. Kumbe faida waliyokuwa wakionyeshwa ilikuwa ya makaratasi. Siku mbili kabla ya kampuni kuanguka, Ward alimtuma mzee akakope dola 150,000 kwa tajiri William Vanderbilt, na hizo nazo zikapotea. Rais mstaafu, mshindi wa vita, akabaki na deni na aibu.

Mwezi wa Juni, akiwa kwenye nyumba yake ya mapumziko huko Long Branch, pwani ya New Jersey, akauma tunda la pichi. Maumivu yakamchoma kooni hadi akadhani amemeza mdudu. Akasukutua kwa maji, lakini wapi. Mkewe, Julia, akamsihi amwone daktari. Grant akasema litapoa lenyewe. Baadaye daktari mmoja wa Philadelphia, Da Costa, aliyekuwa ametembelea jirani yao, alimwangalia, akampa dawa ya kutuliza na kumwambia amwone daktari wa familia bila kukawia. Daktari huyo alikuwa Ulaya. Grant akaona basi atamngoja arudi.

Juni, Julai, Agosti, Septemba. Hakuwa amelala. Gazeti moja kubwa, Century, lilimwomba makala kuhusu vita alivyopigana, kwa malipo ya dola 500 kila makala, naye akakubali kwa kuwa alihitaji pesa. Akagundua kwamba anaweza kuandika, na kwamba anapenda. Koo linauma, dawa inatuliza, kazi inaendelea. Mimi naielewa sana miezi ile minne. Ukiwa unaandika ili ulipe deni, mwili unakuwa ni mteja asiyelipa. Unamwambia asubiri.

Mwezi wa Oktoba ndipo alipofika kwa John Douglas, bingwa wa maradhi ya koo. Douglas alikuta uvimbe kwenye shina la ulimi, upande wa kulia. Grant akamuuliza kama ni saratani. Daktari hakulitamka neno lile. Alijibu kwamba ugonjwa ni mzito na kwamba wakati mwingine hupona. Mzee alikuwa amesoma nyuso za wanajeshi maisha yake yote, jibu akalielewa.

Siwezi kudai kwamba kama angeenda Juni angepona. Kwa zama zile, kukata mahali kama pale kungeweza kumuua mtu mapema kuliko ugonjwa wenyewe, na madaktari wake waliamua kutompasua. Walichoweza ni kutuliza: kusafisha koo, kusukutua, na kumpaka kokeini. Msishtuke. Kokeini ilikuwa ndiyo kwanza imegunduliwa kuwa dawa ya ganzi, Septemba ule ule wa 1884, na Carl Koller, daktari kijana wa macho huko Vienna.

Koller alivutwa kwenye kokeini na rafiki yake aliyefanya naye kazi hospitalini, ambaye miezi michache kabla alikuwa amechapisha makala ndefu ya kuisifu. Rafiki huyo ni Sigmund Freud, na Freud naye alikuwa mtu wa biri, takriban 20 kwa siku. Miaka 39 baadaye, Februari 1923, Freud aliona uvimbe ndani ya kinywa chake. Yeye ni daktari. Alijua anachokiona. Bado alikaa kama miezi miwili kabla ya kumwendea mpasuaji. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, akatolewa sehemu ya taya na kaakaa, akawekewa kifaa cha kuziba pengo ambacho kilimtesa kila alipokula na kusema. Na biri hakuziacha. Alifia London, Septemba 1939.

Basi tunao watu wawili, mmoja askari na mmoja daktari, na wote wawili walisikia kinywa kikiwaambia jambo, wakakiambia kingoje. Sidhani ni ujinga. Nadhani ni kwamba muwasho wa koo ni kitu kidogo sana kumsimamisha mtu. Mguu ukivunjika, hutembei. Koo likiwasha, unakunywa chai ya tangawizi.

Grant alitumia muda uliobaki kuandika kitabu cha maisha yake. Mark Twain, mvutaji mwenzake wa biri, alikuwa na kampuni ya uchapishaji, akampa mkataba wa asilimia 70 ya faida. Grant akaandika akiwa amefungwa kitambaa shingoni. Usiku alilala ameketi, viti viwili vikitazamana, akihofia kukabwa na pumzi. Sauti ikapotea, akawa anaongea na madaktari kwa vijikaratasi. Katika kimoja alisema kwamba anajiona kuwa kitenzi, kwa kuwa kitenzi ni kuwa, ni kutenda, au ni kuteseka, na yeye alikuwa yote matatu. Juni 1885 alihamishiwa Mount McGregor, kaskazini mwa jimbo la New York, kwenye hewa ya baridi. Kitabu alikimaliza mwezi wa Julai, na tarehe 23 ya mwezi huo akafariki. Kiliuza zaidi ya nakala 300,000, kwa juzuu mbili mbili, na Julia akapata zaidi ya dola 400,000. Deni la nyumba yake alilimaliza kwa kalamu.

Waandishi tunaipenda sana sehemu hii ya mwisho. Mimi pia niliipenda, hadi nilipogundua kwamba nazidi kuirudia ile ya zawadi.

Nina mjomba, mlinzi wa usiku huko Industrial Area. Ndiye aliyenilipia karo ya mwaka wa kwanza chuoni, na nilipoacha masomo mwaka wa pili hakuniuliza hata swali moja. Alisema tu, "Utajipanga." Kila nikienda kumwona hubeba mkate, sukari, na pakiti moja ya sigara. Ni zaidi ya miaka minne sasa. Baridi ya saa tisa usiku getini, huambii mtu avumilie hivi hivi. Mkate na sukari ni vya nyumba. Sigara ni yake, ndiyo asante yangu.

Tangu Februari mjomba ana sauti ya kukwaruza. Hununua zile peremende za koo dukani, na asubuhi husukutua kwa maji ya chumvi. Nilipomuuliza alisema ni baridi ya usiku. Na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu tiba yake ilikuwa ni orodha yangu, neno kwa neno. Hakuna hata moja ambalo ni la uongo. Maji ya chumvi hutuliza kweli. Ndiyo hatari yake: likikutuliza leo, kesho huna haraka.

Kama ningeirudia kazi ile ya maneno 800, ningeifuta yote nibakishe sentensi moja. Kidonda cha kinywa au sauti ya kukwaruza ikipita wiki tatu, acha kusukutua, nenda ukaangaliwe. Grant hakuwa na upasuaji wa maana wa kukimbilia, wala mionzi. Sisi tunavyo, foleni ni ndefu na gharama ni chungu, lakini vipo, na huwafaa zaidi wanaowahi.

Jumapili iliyopita nilienda na mkate na sukari. Mjomba alipekua mfuko, akaupekua tena, akanitazama.

"Kwani umefilisika, mjomba?" Huwa tunaitana hivyo, yeye na mimi.

Nikamsimulia habari za Grant, kuanzia biri 10,000. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja: ilikuwa miezi mingapi, kutoka lile tunda hadi daktari?

"Minne," nikamwambia.

Akahesabu kwa vidole, akianzia Februari. Alipofika kidole cha tano akaukunja mkono, akasema Jumanne anatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, nimkute getini.